Muulize Shangazi: Mbona Glasgow wanapewa raundi tatu na sisi huku tunaambiwa tujilipie?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya IVF, yani mimba kutungwa maabara hafu kupandikizwa, inayolipiwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya huku Uingereza, kwamba ukiwa England usidhani kila mtu anapewa sawa, basi barua zikamiminika. Zimetoka kusini, zimetoka Leicester, Reading, na moja imetoka nyumbani kabisa Dar. Majina nimetoa yote na vitu vya kumtambulisha mtu nimevibadilisha, kwa hiyo ukisoma ukaona kama ni jirani yako usianze kupiga simu. Zenye mambo mengi nimezijibu kwa urefu, nyingine nimepita haraka, mnisamehe.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 37, mume wangu 40, tuko kusini mwa England, hatujajaaliwa mtoto na tumehangaika miaka minne sasa. Huku kwetu NHS wanalipia raundi moja tu ya IVF, tumefanya mwezi wa tatu haikushika. Tulipouliza ya pili tukaambiwa tujilipie. Mdogo wangu yuko Glasgow, kaambiwa ana haki ya raundi tatu. Tuliingia nchi hii pamoja, wote tuna uraia, kodi tunakatwa ileile. Mama kule Tanga ananiuliza mbona hospitali ya mwenzio inamjali na yako haikujali, nakosa jibu. Kuna kitu tulikosea kwenye fomu?

Marahaba mwanangu, na pole sana, raundi isiposhika ni msiba ambao hauna matanga, watu hawaji kukaa na wewe.

Hamjakosea kitu. Naomba hilo ulishike kwanza kabla ya mengine yote, manake najua wanawake wengi wakikataliwa wanaanza kujichunguza wao, labda nilisema vibaya kwa daktari, labda uzito, labda Mungu. Hapana. Mmekataliwa na karatasi iliyoandikwa na watu wa bajeti kabla hata hawajajua kama wewe upo duniani.

Iko hivi. NHS jina ni moja ila mifuko ni mingi. Scotland wana serikali yao inayosimamia afya, Wales hivyo hivyo, Northern Ireland hivyo hivyo. England ndo kuna vurugu zaidi, manake hela imegawanywa kwa bodi za afya za maeneo, zilipoanzishwa Julai 2022 zilikuwa 42, na kila bodi inakaa na kuamua yenyewe italipia raundi ngapi, kwa wanawake wa umri gani, wenye masharti gani. Kuna chombo kinaitwa NICE ambacho kazi yake ni kusema matibabu gani yanafaa na yana thamani ya hela ya umma, na hao tangu 2004 walishasema wanawake walio chini ya 40 wapewe raundi tatu. Wakarudia 2013 wakafafanua zaidi, mwanamke chini ya miaka 40 aliyejaribu miaka miwili bila mimba apewe raundi tatu kamili, wa 40 mpaka 42 apewe moja kwa masharti fulani. Lakini huo ni ushauri, sio amri. Scotland wameufuata, mdogo wako yuko humo. Wales wanatoa mbili kwa walio chini ya 40. Northern Ireland moja. England bodi chache sana zinatoa tatu, nyingi zinatoa moja, na kila mwaka ukisikia bodi fulani inapitia upya sera yake ujue mara nyingi wanapunguza, sio kuongeza.

Ndo maana ukiangalia takwimu za HFEA, wale wanaosimamia kliniki za uzazi Uingereza nzima, mwaka 2012 kama 40% ya raundi za IVF zililipiwa na NHS, 2022 imeshuka mpaka kama 27%. Yani karibu robo tatu ya watu wanalipa kwa mfuko wao. Wakati Scotland zaidi ya nusu bado inalipiwa.

Nikupe mfano mmoja unaoniuma mimi binafsi kama mkunga. Mtoto wa kwanza wa IVF duniani, Louise Brown, alizaliwa Oldham, hospitali ya NHS, tarehe 25 Julai 1978. Waliofanya kazi ile ni Robert Edwards, Patrick Steptoe na nesi Jean Purdy ambaye miaka mingi hakutajwa kabisa, na utafiti mwingi ulifanyika Cambridge. Baadaye wakafungua kliniki ya kwanza ya IVF duniani, Bourn Hall, nje kidogo ya mji wa Cambridge, mwaka 1980. Sasa sikiliza, mkoa huohuo wa Cambridge, mwaka 2017 waliokuwa wanashika bajeti ya afya wakasimamisha kabisa kulipia IVF, wakasema hela hamna. Wamekuja kurudisha 2021, raundi moja. Mwanamke aliyekuwa na miaka 37 kama wewe wakati wanafunga, walipofungua alikuwa na 41. Nani kamuomba radhi? Na mwenzake aliyekuwa anakaa mkoa wa pili, pengine nusu saa kwa gari, alikuwa anapewa muda wote huo. Sio suala la hela kuisha, ni suala la nani kaamuliwa kwamba yake inaweza kusubiri, na uzazi ndo kitu pekee ambacho hakiwezi kusubiri.

Sasa tufanye nini. Kwanza, usikubali neno "umemaliza" kabla hujauliza swali hili: raundi yangu mliihesabuje? Kwa NICE raundi kamili ni pamoja na kupandikiza viinitete, yani mayai yaliyorutubishwa, vyote vilivyopatikana, vile vya moja kwa moja na vile vilivyogandishwa. Bodi nyingine zinapunja, zinahesabu upandikizaji mmoja wa fresh na mmoja wa barafu basi. Kama mna viinitete vimebaki kwenye barafu, uliza kwa maandishi nani analipia kuvipandikiza. Nimeona watu wanaaga kliniki huku bado wana haki yao imelala kwenye friza.

Pili, ingia kwenye tovuti ya bodi yenu ya afya utafute sera yao ya matibabu ya uzazi, ni pdf ya kurasa nyingi inachosha lakini isome yote, tena na kalamu mkononi. Usitegemee kuambiwa kwa simu. Watu wa mapokezi wanajibu wanachokumbuka.

Tatu, daktari anaweza kukuombea fedha kwa njia ya maombi maalumu ya mtu mmoja mmoja. Nisikudanganye, mengi yanakataliwa, manake lazima waonyeshe kwamba hali yako ni tofauti kabisa na wengine wenye tatizo kama lako. Kama huna kitu cha namna hiyo usipoteze miezi.

Kuhamia Scotland? Najua umeshawaza. Wapo waliohama na siwalaumu hata kidogo. Lakini soma kwanza masharti ya huko, angalia orodha ya kusubiri ikoje, hafu kumbuka raundi uliyofanya tayari inaweza kuhesabiwa, usidhani lazima utaanza sifuri. Kwa umri wa 37 kila mwezi una bei yake. Na mkiamua kulipia private, muulize kwanza huyo anayetoa hela ya umma kama raundi ya private itakupunguzia haki yoyote iliyobaki, maana sera nyingi zinazihesabu zote, za kulipiwa na za kujilipia.

Mama yako mwambie tu kwamba huku serikali ya kila upande inagawa kivyake, na upande wako wamegawa kidogo. Ataelewa, wamama zetu wanaelewa mambo ya mgao kuliko sisi.

Shangazi mimi ni mwanaume, naandika programu za kompyuta, niko Reading kwa viza ya kazi na mke wangu yuko kwenye viza yangu, ana miaka 31. Tumelipa ile sachaji ya NHS, ada ya afya ya wenye viza, £1,035 kila mmoja kwa kila mwaka, miaka mitatu mbele kwa mkupuo, yani £6,210 kabla hata hatujaona sura ya daktari. Mke mirija yake imeziba pande zote mbili, daktari akasema IVF ndo njia, akaandika rufaa. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua kwamba hatustahili kwa sababu ya viza. Mguu ukivunjika wananitibu, presha wananitibu, hili ndo hapana? Rafiki anasema ni ubaguzi tuwashtaki hospitali.

Ndugu yangu, nakushukuru kuandika, wanaume wachache sana wanaandika kuhusu hili.

Hospitali haikuwabagua, inafuata sheria, na sheria yenyewe ndo mbaya. Kuanzia tarehe 21 Agosti 2017 watu wanaolipa sachaji ya afya wametolewa kwenye matibabu ya kusaidiwa kupata mimba kwa hela ya NHS. Kitu kingine karibu chote unapata, hiki hapana. Na wengi hawajui mpaka siku barua inafika, manake wakati unalipa sachaji kwenye ile fomu ya viza huoni pakiandikwa kwa herufi kubwa kwamba uzazi haumo.

Hebu tazama mtiririko wake. Sachaji ilipoanza 2015 ilikuwa £200 kwa mwaka. 2019 wakafanya £400. 2020 wakafanya £624. Februari 2024 wakafanya £1,035. Kwa hiyo walichokutoza kimepanda zaidi ya mara tano na ulichopewa kimepungua. Na hapo juu yake unakatwa kodi na bima ya taifa kwenye mshahara kama Mwingereza yeyote. Mimi nasema wazi hii ni dhuluma, nimeisema kwenye mikutano, nimemwandikia mbunge wangu, na nitaisema tena.

Inawagusa pia walioolewa huku. Wapo mabinti wametoka Mombasa au Arusha wameolewa na raia, wako kwenye viza ya ndoa, wanadhani uraia wa mume unawabeba. Hauwabebi. Viza ya ndoa nayo inalipa sachaji na inaingia kwenye katazo hilohilo, na sera za maeneo mengi zinataka wote wawili muwe na haki, sio mmoja. Walio salama ni raia wanaoishi hapa, wenye makazi ya kudumu, wakimbizi waliokubaliwa, na walioomba hifadhi.

Kushtaki hospitali kwa hili utakula hela ya IVF yenyewe. Kama unataka kuuliza uliza bure kwanza, Citizens Advice wapo. Nguvu ziweke hapa: mmebakiza muda gani kupata makazi ya kudumu? Mke ana 31. Ikiwa ni miaka miwili mitatu bado ana nafasi nzuri kabisa chini ya 40, na kwa tatizo lenye sababu inayojulikana kama mirija kuziba huwa haina maana kuambiwa mkajaribu kwanza miaka miwili, sababu imeshaonekana. Weka ripoti zote za vipimo, ile ya mirija hasa, tunza nakala nyumbani sio kwenye simu tu. Siku kadi ya makazi inatoka, wiki hiyohiyo mrudi kwa GP, daktari wenu wa mtaani. Hapo katikati kumwona GP ni bure kwenu, na magonjwa yenyewe kama fibroidi, maambukizi au endometriosisi anatibiwa kama mgonjwa mwingine.

Mkiona hamuwezi kusubiri mkaenda private, raundi moja ni kama £5,000 na kupanda, na hapo msishangae bei ya kwenye bango kuwa ndogo kuliko mtakayolipa. Ombeni jumla yote kwa maandishi, dawa za sindano, skani, kugandisha, kutunza kwenye barafu kila mwaka. Angalieni kama kliniki ina leseni ya HFEA, orodha iko kwenye tovuti yao. Na zile nyongeza wanazokuuzia juu ya matibabu, HFEA wamezipanga kwa rangi kuonyesha ipi ina ushahidi na ipi haina, nyingi hazina.

Shangazi mume wangu ana mtoto wa kiume wa miaka 16 Mombasa kwa mke wake wa kwanza. Mimi sijawahi kuzaa. Kwenye fomu wameuliza kama yeyote kati yetu ana mtoto. Mama mkwe anasema tuandike hapana, mtoto yuko Kenya nani atajua. Nifanye nini?

Usiandike hapana mdogo wangu.

Najua inavyouma. Maeneo mengi ya England yana sharti kwamba mmoja wenu akiwa na mtoto hai, hata mtu mzima, hata akae bara jingine, wote wawili mnatoka. Wewe ambaye tumbo lako halijawahi kubeba, umehesabiwa una mtoto, mtoto ambaye hata shuleni kwao hawezi mtu kukuita usaini karatasi. Sharti hili NICE hawakuliweka, wao walizungumzia umri na tiba, hili ni la bodi zenyewe za kupunguza foleni. Scotland walishaona haliko sawa wakalibadilisha, huko ikiwa mmoja wenu hana mtoto wa damu yake basi mnaweza kukubaliwa. Linatuumiza sana sisi wa Afrika Mashariki, manake mwanaume wa miaka arobaini ambaye aliwahi kuoa nyumbani ni jambo la kawaida, na tunawapeleka wake zao kwenye dirisha ambalo lilishafungwa.

Lakini uongo hapana. Fomu mnasaini wote wawili. Ikigundulika mnaweza kudaiwa gharama yote, na inagundulika, sio kwa upelelezi, inagundulika kirahisi tu, mume akimwambia daktari "nilishawahi kupata mtoto" akiulizwa historia yake, kama kawaida ya wanaume kutetea kwamba wao wazima. Au mkiomba viza ya kijana aje. Hilo la pili ndo lifikirieni. Mtoto wa miaka 16 mnamfuta leo kwenye karatasi ya serikali, kesho mnataka kumleta asome huku, mtaandika nini? Na siku akijua baba yake alisema hana mtoto?

Soma sera ya bodi yenu neno kwa neno, maana zinatofautiana. Nyingine zinasema mtoto anayeishi nanyi, nyingine mtoto yeyote. Hiyo tofauti ndogo ndo inaweza kukuokoa. Kama ni mtoto yeyote, muandikie diwani, muandikie mbunge, bodi zikipitisha sera upya zinaomba maoni ya wananchi na sisi huwa hatujibu hata mmoja.

Nina miaka 34, BMI yangu (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 33, nimeambiwa nipunguze kwanza ndo warudishe rufaa. Dada mmoja wa WhatsApp ananiuzia chai ya kupunguza.

Achana na chai. Sera nyingi zinataka BMI kati ya 19 na 30, wameitoa kwenye ushauri wa NICE wa kitabibu wakaifanya geti. Mwombe GP akupeleke kwenye huduma ya uzito ya NHS na apime kama una PCOS, ule ugonjwa wa homoni na ovari, manake hiyo inazuia mimba na inaongeza uzito kwa pamoja, unaweza kuwa unapigana na ugonjwa unadhani ni chapati. Vipimo vingine vyote visisubiri uzito, vifanywe saa hizi, ukifika 30 faili liwe tayari. Na kama mume anavuta, sigara, vepu, shisha ya wikiendi, aache sasa. Yeye naye anakaguliwa.

Shangazi shikamoo. Niko Leicester, nina 35, ndoa miaka mitatu hakuna kitu. GP nimeenda mara mbili, mara zote "endelea kujaribu". Mume wangu hataki kupimwa, anasema kwao hakuna tasa. Mimi ndo nimepimwa mpaka nimechoka.

Marahaba binti yangu. Barua yako ndo iliyonifanya nifungue ukurasa huu wote kwa habari hii.

Masharti yote niliyoeleza hapo juu, raundi ngapi, viza, mtoto wa ndoa ya kwanza, yanamkuta mtu aliyeshafika mlangoni. Sisi wengi hatufiki. HFEA walichapisha ripoti 2021 wakitenganisha wagonjwa kwa asili zao. Wagonjwa weusi wanaanza IVF wakiwa na wastani wa miaka 36.4, wastani wa jumla ni 34.6. Utaona ni tofauti ndogo, lakini ni karibu miaka miwili, na ni miaka ile ambayo mayai yanashuka kwa kasi. Matatizo ya mirija kwa wagonjwa weusi ni 31%, kwa wote kwa ujumla 18%. Na kwa wanawake wa miaka 30 mpaka 34, kila kiinitete kinachopandikizwa, weusi nafasi ya kupata mtoto ilikuwa 23%, weupe 30%. Sababu ziko nyingi, zipo za fibroidi, zipo za maambukizi ambayo hayakutibiwa mapema, ipo hiyo ya kuambiwa "endelea kujaribu" na mtu akaondoka kwa heshima zake bila kubisha.

Kwa hiyo bisha. Ushauri wa NICE unasema ukijaribu mwaka mzima bila mimba unatakiwa uchunguzwe, nyote wawili, na ukiwa na 36 au kuna sababu inayojulikana hata kabla ya mwaka. Wewe una miaka mitatu. Nenda na karatasi, umeandika tarehe mlipoanza kujaribu, siku za hedhi za miezi ya karibuni, mimba zilizotoka kama zipo. Mwambie "nimejaribu miaka mitatu, naomba uchunguzi na rufaa, na kama hautoi naomba uandike kwenye faili langu sababu". Sentensi hiyo ya mwisho isemwe kwa upole, ila isemwe. Na tarehe iandikwe kwenye faili, manake bodi inaweza kutaka ushahidi wa maandishi wa muda mliojaribu, sio wa machozi.

Sasa mume. Ndugu, najua mkeo atakusomea hapa. Kipimo chako ndo chepesi kuliko vyote. Yeye ameingiziwa vyombo, ametolewa damu, amepigwa dawa kwenye mirija mpaka akajikunja. Wewe unapewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, unakaa siku mbili mpaka saba bila tendo, asubuhi unajaza nyumbani kwako mlango umefunga, unaandika jina, tarehe na saa, hafu unakiweka mfuko wa ndani wa koti kisipate baridi na unakipeleka maabara kifike ndani ya saa moja. Basi. Umemaliza. Hakuna sindano. Nimewaona wanaume wakija na kile kikopo wamekikumbatia kwapani wamevaa suti, wengine Ijumaa na kanzu yao, wakapokelewa na karani ambaye hata hakuwaangalia usoni maana kwake ni kikopo cha arobaini siku ile.

Na "kwetu hakuna tasa" sio hoja. Tatizo la mbegu sio lazima lirithiwe, linaweza kutokana na homa, upasuaji wa utotoni, mshipa uliovimba, dawa za kujenga misuli za jimu, au mtu hakuwahi kujua. Kwenye IVF hapa Uingereza tatizo la upande wa mwanaume ni moja ya sababu kubwa zinazowaleta watu kliniki. Na bila majibu yako ya mbegu rufaa ya mkeo inarudishwa, faili halikamiliki. Umemweka mkeo foleni ambayo hata haijaanza.

Binti yangu, kama bado hataki, muombe mtu mmoja wa kiume anayemheshimu, mjomba wake, imamu au mchungaji, aongee naye peke yao. Usimwite mkutano wa ukoo. Ukoo ukiingia atakataa mpaka kiama.

Shangazi niko Dar, nina miaka 33. Nasikia Uingereza IVF ni bure. Nikija kwa viza ya kutembea kwa dada yangu siwezi kufanyiwa?

Hapana mwanangu, na asikudanganye mtu akakuchukulia hela ya "mpango". Mgeni wa kutembea akitibiwa hospitali ya NHS anatozwa 150% ya gharama, yani zaidi ya bei yenyewe, na deni la NHS likikaa bila kulipwa linakuharibia viza za baadaye. Umeona hapo juu hata wanaoishi huku wanavyokataliwa.

Huko nyumbani nako najua haliko sawa. Nairobi walipata watoto wao wa kwanza wa IVF mwaka 2006, leo kliniki zipo Nairobi, Dar, Kampala, madaktari wetu wanaiweza kazi, lakini mzigo bado uko mfukoni mwa mgonjwa, bei ya kiwanja. WHO walisema 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anapitia ugumba maishani mwake, kwa hiyo sio ugonjwa wa wachache wa kuambiwa ni anasa. Bima ya umma inayolipia kujifungua inatakiwa ianze angalau kulipia uchunguzi na tiba za mwanzo, na hili mlipigie kelele kwa wabunge wenu, maana ndo hela inayookoa watu wengi zaidi.

Wewe usianze na kutafuta IVF. Barua yako haisemi umepimwa nini. Anza hospitali ya rufaa iliyo karibu, omba daktari wa magonjwa ya wanawake, mpimwe wote wawili: mbegu za mume, homoni zako, skani ya kizazi, kipimo cha mirija. Wengi huko kwetu kinachozuia ni maambukizi ya zamani au makovu baada ya mimba kutoka, au yai halipevuki, na hilo la yai mara nyingi linatibika kwa vidonge vya bei ndogo. Ukipata majibu niandikie tena uniambie yamesemaje, na weka umri wa mume wako, umesahau.